Kwenye rufaa hakuna kizimba cha shahidi: namna ya kusoma ushahidi kwa macho ya jaji

Mzee alishuka basi la Mpwapwa akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Alikuja Dodoma mjini kumsemea mpwa wake, aliyefungwa miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Akakaa kwenye benchi la Mahakama Kuu tangu saa mbili asubuhi. Rufaa ikaitwa, mpwa akaongea kidogo, wakili wa Serikali akajibu, jaji akapanga tarehe ya hukumu, askari magereza wakamwondoa mfungwa. Mzee akanigeukia: "Sasa mwanangu, mimi naitwa saa ngapi?"

Hakuitwa, na asingeitwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu kubwa ni kukaa na familia na makaratasi yao. Jambo ninalolirudia kuliko yote ni hili: jaji wa rufaa hamwoni shahidi. Hasikii sauti yake wala haoni anavyobabaika. Anachokiona ni alichokiandika hakimu. Ushahidi mpya huruhusiwa kwa nadra sana, kwa amri maalumu ya mahakama. Kwa hiyo anayetaka kukata rufaa ya jinai kwa hoja ya mashahidi sharti ajifunze kusoma karatasi kama jaji anavyozisoma.

Sitataja namba za vifungu. Toleo la Sheria za Tanzania la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha namba nyingi, na ukinakili namba kutoka hukumu ya zamani unaweza kujikuta unataja kifungu cha jambo lingine kabisa. Sheria zenyewe ni zilezile: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6), Sheria ya Mahakama za Mahakimu (Sura ya 11) na Sheria ya Mamlaka ya Rufaa (Sura ya 141).

Hatua ya kwanza: hesabu siku kabla ya kuhesabu hoja

Aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha awasilishe hati ya rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) na hukumu huondolewa kwenye hesabu, lakini zile 10 za taarifa hazisubiri nakala yoyote. Hapo ndipo wengi hukwama: wanakaa kungoja hukumu ichapwe, na taarifa imepitwa na wakati. Aliye gerezani, Isanga au kwingine, hupitisha karatasi zake kwa Mkuu wa Gereza. Ndugu walio nje waulize tarehe zilizopokelewa, wasidhani tu kuwa zimefika.

Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo hupanda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu siku 30 nyingine. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Ukichelewa, omba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo inayoeleza kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa mfungwa" peke yake haitoshi.

Aliyekiri kosa hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwenyewe hakukuwa bayana.

Hatua ya pili: chukua mwenendo, uache hukumu pembeni kwanza

Familia nyingi huja na hukumu tu. Hukumu ni simulizi ya hakimu, na ukianza nayo utaona kesi kwa macho yake. Anza na hati ya mashtaka, halafu mwenendo ukurasa kwa ukurasa, mwisho ndiyo hukumu.

Ninachofanya ni kuchora mistari kwenye daftari la kawaida la shule. Kila shahidi na ukurasa wake: alisema aliona nini, saa ngapi, kwa mwanga gani, alimwambia nani, alijibu nini alipododoswa na upande wa pili. SM1, SM2 (mashahidi wa mashtaka), hadi SU (shahidi wa utetezi) wa mwisho. Kazi hii huchukua jioni mbili tatu, na hakuna njia ya mkato.

Angalia lugha. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini mwenendo mwingi, hasa wa kesi za nyuma, umeandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kupitia mkalimani, hakimu akatafsiri huku anaandika kwa mkono. Saa ndizo hupotea zaidi. Nimesoma mwenendo ambamo tukio ni la saa nane usiku kwenye hati ya mashtaka, na kwa shahidi likawa la saa 8:00 kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa mbili usiku wetu. Mfungwa akaishikilia hiyo kama dhahabu. Nikamshauri asiitegemee, kwa sababu jaji naye ni Mswahili na ataona kosa ni la kalamu. Itakuwa na uzito pale tu saa hiyo inapobadilisha jambo, kwa mfano kama saa mbili maduka yana taa na saa nane hayana.

Hatua ya tatu: jua uko kwenye rufaa ya ngapi

Rufaa ya kwanza ni kama kusikilizwa upya kwa karatasi. Msingi huo uliwekwa katika shauri la D.R. Pandya la 1957, enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: mahakama ya rufaa ya kwanza lazima ipitie ushahidi wote yenyewe na kufikia uamuzi wake, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Hapa unaweza kulalamikia ukweli na sheria.

Rufaa ya pili mlango ni mwembamba. Mahakama ya Rufani, majaji watatu, hushughulika na sheria. Mahakama mbili za chini zikishamwamini shahidi, hawaingilii ila kama ushahidi ulieleweka vibaya, kanuni ilivunjwa, au haki ilipotoka. Na hoja ya ukweli ambayo hukuiinua Mahakama Kuu, huko juu hawatakusikiliza nayo. Kwa hiyo usiweke akiba. Ila kama kesi ilianzia Mahakama Kuu, mauaji kwa mfano, kwenda Mahakama ya Rufani ndiyo rufaa ya kwanza, na ukweli wote uko wazi.

Hatua ya nne: elewa "shaka"

Vijiweni, na hata kwenye hati za rufaa, tunasema "bila kuacha shaka yoyote". Neno hilo "yoyote" limewaponza wengi. Mtu anaokota shahidi aliyesema shati jeusi na mwingine aliyesema la bluu iliyokolea, anasema shaka hiyo hapo, niachieni. Kipimo cha sheria ni shaka yenye maana, ile ambayo mtu mwenye akili timamu angesita nayo baada ya kutazama ushahidi wote kwa pamoja. Jaji Denning wa Uingereza, katika shauri la Miller la 1947, alieleza kwamba kipimo hiki hakidai uthibitisho usio na hata kivuli cha shaka; uwezekano wa mbali hauwezi kuruhusiwa kuishinda haki. Mahakama zetu zimekuwa zikifuata njia hiyo.

Upande wa pili wa shilingi ni mzuri kwa mrufani. Mzigo wa kuthibitisha hauihami Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Hilo lilisemwa kwa nguvu Uingereza katika shauri la Woolmington la 1935, nalo limo katika Sheria yetu ya Ushahidi. Mshtakiwa hafungwi kwa sababu utetezi wake ni dhaifu, wala kwa sababu alidanganya. Kazi yake ni kuamsha shaka tu. Ukikuta kwenye hukumu maneno kama "mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha kwamba hakuwepo", weka alama nyekundu, hapo hakimu amegeuza mzigo.

Angalia pia kama utetezi ulipimwa. Kuna hukumu zinazoeleza ushahidi wa mashtaka kurasa sita, kisha zinasema "utetezi hauna mashiko" na kufunga. Kuuandika utetezi si kuupima. Siku hizi, hata hivyo, mahakama ya rufaa inaweza kuupima yenyewe na bado ikamwona mtu ana hatia, kwa hiyo usiache hoja hii isimame peke yake.

Hatua ya tano: mpime kila shahidi

Tutumie mfano wa kubuni. Ndahani, kijana wa kijiji kimoja wilayani Chamwino, ametiwa hatiani kwa kumnyang'anya dereva bodaboda pikipiki kwa panga, usiku. SM1 ni dereva, SM2 mkazi aliyesikia kelele, SM3 polisi.

Kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka iwepo sababu nzuri ya kutomwamini. Ndivyo Mahakama ya Rufani ilivyosema katika shauri la Goodluck Kyando, 2006. Maana yake, kusema "SM1 ni mwongo" si hoja. Lazima uoneshe sababu kutoka kwenye karatasi. Hakimu akisema alimwamini kwa jinsi alivyojibu kwa utulivu kizimbani, hapo jaji hawezi kumpinga kirahisi, hakuwepo. Shauri la Shabani Daudi likafungua milango mingine miwili: mwangalie shahidi kwa mtiririko wa maneno yake mwenyewe, kisha umlinganishe na mashahidi wengine, akiwemo mshtakiwa. Milango hiyo inapitika kwa karatasi, na rufaa karibu zote zinazoshinda kwa hoja ya mashahidi hupitia humo.

Tazama pia ni nani aliyesikiliza. Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, anayeandika hukumu anaweza kuwa hakumwona SM1 hata dakika moja. Sababu za kubadilishana ziwe zimeandikwa, na ile faida ya "nilimwona kizimbani" hana.

Sasa utambuzi wa usiku, ambapo sitaki uharakishe. Shauri la Waziri Amani la 1980 ndilo kila mfungwa wa unyang'anyi analijua kwa jina. Mahakama ilionya kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Maswali yake ni ya kawaida: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla au la. Mahakama za baadaye zimeongeza kwamba kusema "kulikuwa na mwanga" hakutoshi, ukali wake uelezwe. Taa ya sola ya barazani si sawa na mbalamwezi yenye mawingu. Na uliza tochi aliishika nani. Aliyemulikwa usoni haoni anayemmulika; kama SM1 anasema wezi walimmulika na hapohapo anasema aliwatambua kwa mwanga wa tochi hiyo, fungua daftari lako uandike namba ya ukurasa.

Kumfahamu mtu tangu zamani husaidia upande wa mashtaka, lakini hakufuti mashaka. Watu hukosea hata kwa jirani. Ndiyo maana swali linalofuata ni zito kuliko yote: alimtaja lini? Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la 2002 Mahakama ya Rufani ilisema uwezo wa shahidi kumtaja mhusika mapema ni uthibitisho mkubwa kwamba ni wa kuaminika, na kuchelewa bila maelezo, au kutomtaja kabisa, kunaipa mahakama makini sababu ya kujiuliza. SM1 wetu alikimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji usiku uleule. Je, alitamka "Ndahani", au alisema "vijana wawili"? Kama alimtaja, kwa nini mwenyekiti hakuja kutoa ushahidi? Sheria haitaki idadi fulani ya mashahidi. Mmoja wa kuaminika anatosha. Lakini shahidi muhimu aliyepatikana na hakuletwa bila sababu, mahakama inaweza kudhani kwamba angesema kinyume. Polisi mpelelezi aliyestaafu hana uzito huo. Mwenyekiti aliyetajiwa jina saa hiyohiyo anao.

Kama SM1 hakumfahamu kabla, tafuta gwaride la utambulisho (mshukiwa kupangwa mstarini na wengine ili shahidi amtambue), na maelezo ya sura na umbo aliyotoa polisi kabla ya gwaride. Kumtambua mtu akiwa amesimama kizimbani hakusaidii sana, kila mtu anajua anayesimama pale ni nani.

Kisha mikanganyiko. Mashahidi wa kweli hupishana, na wanaosema neno kwa neno ndio wa kutiliwa shaka. Shauri la Mohamed Said Matula la 1995 linaitaka mahakama iikabili mikanganyiko, ijaribu kuipatanisha, na iamue kama ni midogo au inagusa mzizi wa kesi. SM1 akisema wezi walikuja saa mbili na SM2 akasema saa mbili na nusu, achana nayo. SM1 akisema palikuwa na taa ya duka na SM2, aliyefika dakika chache baadaye, akasema palikuwa giza totoro, hapo umeshika mzizi. Kadhalika hati ya mashtaka ikitaja pikipiki ya namba moja na mashahidi wakitaja nyingine, bila hati kurekebishwa. Kipimo changu cha nyumbani ni hiki: ukiondoa sentensi hiyo ya shahidi, kesi bado inasimama? Ikisimama, mkanganyiko wako ni mdogo.

Hapa kuna jambo linalouma. Kama SM1 alipokuwa kizimbani mshtakiwa hakumuuliza chochote kuhusu mwanga au kumtaja, mahakama huweza kuchukua kwamba amekubali. Na maelezo ya SM1 ya polisi yaliyo tofauti, kama hayakutumiwa kumhoji na hayakupokelewa kama kielelezo, jaji hana namna ya kuyasoma. Wengi wanaojitetea wenyewe hujibu "sina swali" kwa uchovu tu. Kama kesi ya ndugu yako bado iko chini, mwambie asiseme maneno hayo.

Hoja ya "mashahidi wote ni ndugu wa mlalamikaji" iache nyumbani. Undugu haumzuii mtu kuona. Uhasama nao uwe ulitajwa kizimbani, usizaliwe kwenye rufaa.

Makosa ya kujamiiana yana njia yake. Ushahidi bora hutoka kwa aliyetendewa, na sheria inaruhusu kutia hatiani kwa maneno yake peke yake, hata akiwa mtoto, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli tupu. Mtoto wa umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema kweli na si uongo, na ahadi hiyo ionekane kwenye mwenendo. Mashauri mengi yaliangukia hapo baada ya mabadiliko ya 2016, ingawa kuna maamuzi ya karibuni yaliyolegeza kamba. Ninawaambia familia wasome ukurasa huo, lakini wasijenge rufaa nzima juu yake.

Vielelezo nitavipitia haraka. Waraka uliopokelewa, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) au maelezo ya onyo (aliyoyatoa mshtakiwa polisi), usomwe kwa sauti mahakamani; usiposomwa huondolewa, ingawa shahidi aliyeueleza kwa mdomo anaweza kuziba pengo. Mnyororo wa utunzaji, yaani kumbukumbu ya nani alikishika kielelezo na lini, una nguvu kwa vitu vinavyobadilishwa kirahisi kama dawa za kulevya na risasi, na ni mlegevu kwa kisichobadilishika kirahisi, kama meno ya tembo.

Hatua ya sita: andika sababu zenye ukurasa ndani yake

Karibu kila hati inayotoka gerezani ina sababu hii: "Kwamba hakimu alikosea kisheria na kiukweli kunitia hatiani wakati kesi haikuthibitishwa pasipo kuacha shaka." Iweke, lakini iwe ya mwisho. Ya kwanza iwe kama hii:

"Hakimu alikosea kutegemea utambuzi wa SM1 wa usiku (uk. 11) bila kupima ukali wa mwanga, umbali na muda, ilhali SM2 (uk. 15) alisema palikuwa giza, na hakuna ushahidi kwamba SM1 alimtaja mrufani kwa mwenyekiti wa kitongoji aliyemkimbilia usiku huohuo."

Sababu tatu au nne za namna hiyo zinashinda kumi na mbili za kulalama. Kabla ya kuandika, ingia tovuti ya TanzLII, hukumu zipo bure, utafute mashauri yaliyofanana na lako. Soma na yale ambayo mrufani alishindwa. Humo ndimo utakutana na majibu ya wakili wa Serikali kabla hujamsikia.

Hatua ya saba: siku yenyewe, na yanayoweza kutokea

Mrufani anaweza kusema maneno mawili tu, "naomba hoja zangu zipokelewe", na si kosa. Wakili wa Serikali wakati mwingine huunga mkono rufaa, mahakama bado itapima yenyewe. Akiipinga, mrufani hujibu. Ajibu kwa kurasa, asilie.

Matokeo si kufungua au kufunga mlango tu. Kesi inaweza kuamriwa isikilizwe upya, kama mwenendo ulikuwa na kasoro ya msingi. Lakini hairudishwi ili Jamhuri izibe mapengo ya ushahidi wake, na hilo mrufani aliombe kwa sauti pale kasoro na pengo vinapokutana. Kosa dogo zaidi linaweza kuwekwa mahali pa lile kubwa. Na adhabu inaweza kupanda. Aliyepewa miaka chini ya kima cha sheria, akikata rufaa, anaweza kurudi Isanga na mingi kuliko aliyokwenda nayo. Mwambieni kabla ya kusaini. Nao Jamhuri wana haki ya kukata rufaa mtu akiachiwa, kwa hiyo aliyeshinda leo asitupe makaratasi yake.

Rufaa ikitupwa Mahakama Kuu, siku 30 za kwenda juu zimeanza kuhesabika mchana huohuo. Siku ya hukumu, mpwa wa yule mzee alisaini taarifa yake kabla gari la magereza halijaondoka.